Valvu ya aota yenye mapazia mawili kwa anayeomba urubani wa ndege za kivita: nini hasa kinaamua?

DaktariWaKambi

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua moyo na wanaojua anga.

Kuna faili la kijana wa miaka 21 anayeomba mafunzo ya urubani wa kijeshi. Hana dalili yoyote, mbio anakimbia vizuri, presha 118/74, urefu mita 1.78, uzito kilo 70. Aliyempima alisikia mnong'ono laini na mlio mfupi kama wa kubofya mwanzoni mwa pigo, akaagiza eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Ripoti imerudi hivi: "Valvu ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) ni baikaspidi (mapazia mawili). Kasi ya juu ya damu 2.4 m/s. Gradienti 23 mmHg, valvu inabana kwa kiwango cha kati. Inavuja kidogo sana. Aota sm 3.8. Chemba ya kushoto ya kawaida."

Je, hiyo "kiwango cha kati" ndiyo inayomfungia mlango? Valvu ya namna hii na G (uzito unaomkandamiza rubani ndege inapokata kona kali) zinagombana wapi hasa? Na akikosa ndege za kivita, kuna ndege nyingine anazoweza kupangiwa, au neno baikaspidi likishaandikwa ndiyo basi? Nipeni namba, maana maoni ya "mimi naona" nimeshayapata ya kutosha.

---

MsomaEko

Mkuu, tuanze na ripoti yenyewe kabla ya kumgusa rubani. Gradienti, yaani tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za valvu, 23 ipi? Ya kilele au ya wastani? Haikuandikwa, lakini hesabu inaisema. Chukua kasi 2.4, izidishe kwa yenyewe upate 5.76, halafu zidisha kwa 4. Jibu ni 23. Kwa hiyo hiyo ni ya kilele. Ya wastani kwa kawaida huangukia kama asilimia 60 ya kilele, yaani hapo ni 13 au 14.

Sasa madaraja: kubana kidogo ni wastani chini ya 20 mmHg na kasi chini ya 3 m/s. Kiwango cha kati ni wastani 20 hadi 39, kasi 3.0 hadi 3.9. Kubana sana ni wastani 40 na kuendelea, kasi 4 na kuendelea. Kijana wako yuko daraja la kwanza kwa kasi na kwa wastani. Aliyeandika alichukua namba ya kilele akaipima kwenye mizani ya wastani. Hili kosa ni la kila siku, na kwa mgonjwa wa kawaida halina madhara makubwa, anarudi kliniki mapema kidogo tu. Kwa anayeomba urubani, linabadilisha hatima.

Rudieni eko, na safari hii mwombeni mpimaji mambo haya.

Valvu aitazame kwa mkato wa kukingama, ikiwa *imefunguka*. Ikiwa imefungwa, ule mshono wa mapazia mawili yaliyoungana unajichora kama mstari wa tatu, na valvu ya mapazia mawili inaonekana kabisa kama ya matatu. Ikifunguka ndipo inajisema: ya matatu hufunguka kama pembetatu, ya mawili hufunguka kama mdomo wa samaki. Mara nyingi yaliyoungana ni pazia la kulia na la kushoto, yale yanayokaa mbele ya mishipa inayolisha moyo. Aandike ni yapi.

Kasi ya damu ipimwe kutoka zaidi ya dirisha moja: nchani mwa moyo, juu ya mfupa wa kifua, na upande wa kulia wa kifua mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kulia. Boriti ya Doppler (mawimbi yanayopima kasi ya damu) isipolala sambamba na mkondo wa damu, kasi inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Haisomeki kubwa kwa sababu hiyo, kwa hiyo chukueni namba ya juu kabisa iliyo safi. Ila kasi yenyewe hupanda kweli kama mtu ana homa, upungufu wa damu au woga wa kupimwa. Akiwa ametoka kuugua malaria wiki iliyopita, msimpime. Pimeni hemoglobini kwanza.

Kuvuja nako: kwenye baikaspidi mchirizi wa damu inayorudi hutoka kwa kupinda, unabusu ukuta, na rangi kwenye skrini inadanganya. Pimeni shingo ya mchirizi pale unapopenya. Chini ya sm 0.3 ni kidogo, zaidi ya sm 0.6 ni kikubwa.

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito: "aota sm 3.8" ni wapi? Aota ina ngazi nne za kupima: pete ya valvu, uvimbe wa kawaida ulio juu yake (sainasi), kiungo, halafu bomba linalopanda. Ngazi tatu za juu hupimwa moyo ukiwa umetulia mwisho wa kujaa, kuanzia ukingo wa mbele wa ukuta mmoja hadi ukingo wa mbele wa ukuta wa pili. Pete yenyewe hupimwa katikati ya pigo, ukingo wa ndani hadi wa ndani. Kama 3.8 ni ya sainasi, kwa mwanaume wa mwili huo iko upande wa juu wa kawaida, haijavuka. Kama ni ya bomba linalopanda, hadithi ni nyingine.

---

FundiWaG

MsomaEko kamaliza upande wa ripoti. Mimi nijibu la G.

Rubani akikaa wima, macho yake yako kama sm 30 juu ya moyo. Safu ya damu ya kimo hicho inakula karibu mmHg 22 kwa kila G moja. Mwenye presha ya 120 anayekaa tu bila kujikaza, kwenye G 5 zinaliwa 110, zinabaki 10 machoni. Jicho lenyewe lina shinikizo la ndani la 15 au zaidi, kwa hiyo damu haiingii, anaona giza, na sekunde chache baadaye anazimika. Kwenye G 9 zinaliwa karibu 200. Maana yake, ili aendelee kuona, presha kwenye usawa wa moyo lazima ipite 200, tena mara nyingi ndani ya mazoezi ya saa moja.

Inapatikanaje presha hiyo? Suti ya G inayobana miguu na tumbo inampa G moja hadi moja na nusu za ziada. Kinachobaki ni misuli yake: anakaza miguu, makalio na tumbo, anafunga koo na kusukuma kifua, kila sekunde 3 anabadilisha hewa haraka na kufunga tena. Ni kama kunyanyua gunia zito mara ishirini mfululizo huku damu yote inataka kukimbilia magotini. F-16 imelazwa kiti digrii 30 ili kupunguza kimo kati ya moyo na macho. F-5, ambazo Kenya inazo, zina kikomo cha G 7.33 na hazina anasa hiyo ya kiti.

Sasa weka valvu mbovu katikati ya picha hiyo. Valvu *inayobana*: damu inayorudi moyoni imepungua kwa sababu ya G, moyo unataka kufidia kwa kusukuma zaidi, na mlango wenyewe ni mwembamba. Hakuna akiba. Inayobana kidogo inavumilika, ya kiwango cha kati hapana, kwa sababu mwenye valvu hiyo anaweza kuzirai kabla hata hajawahi kuhisi chochote akiwa ardhini. Valvu *inayovuja*: presha ya 200 upande wa aota inairudisha damu nyuma kwa nguvu zaidi, ingawa mapigo ya haraka yanafupisha muda wa kuvuja na kusaidia kidogo. Halafu kuna ukuta wa aota. Wenye baikaspidi mara nyingi wana ukuta dhaifu wa aota bila kujali valvu yenyewe iko vizuri kiasi gani. Huo ndio unaopokea zile 200 kila anapokaza.

Valvu ya mitrali (mlango wa damu kuingia chemba ya kushoto) inayobonyea nyuma ina ugomvi wake tofauti. Chemba ya kushoto ikipungua ujazo, mapazia yanalegea zaidi na kubonyea mapema. G inafanya kazi hiyo hiyo, kwa nguvu. Unaweza kuona dalili yake kambini bila mashine: sikiliza mtu akiwa amechuchumaa, kisha asimame ghafla. Mlio wa kubofya unasogea mapema ndani ya pigo. Mlio wa baikaspidi hausogei hivyo, unabaki mwanzoni. Kwa huyo wa mitrali hofu kubwa ni mapigo kuvurugika, kwa hiyo Holter (kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo) ya saa 24 na kipimo cha kukimbia kwenye mashine ni lazima kabla ya neno lolote.

---

AfisaMwandamizi_mstaafu

Naongeza la kanuni, kwa ufupi. Anga ya kiraia hutumia kanuni ya asilimia moja: rubani asiwe na uwezekano wa kuzimika ghafla unaozidi 1% kwa mwaka. Hesabu yake: mwaka una saa 8,760, tuseme 10,000. Asilimia 1 kwa mwaka ni tukio moja kwa saa milioni moja. Kupaa na kutua, ambako kuzimika ndiko hatari kweli, ni kama sehemu moja ya kumi ya safari. Na rubani wa pili anatarajiwa kushindwa kuidaka ndege mara 1 kati ya 100. Zidisha, unapata ajali moja kwa saa bilioni moja.

Ondoa rubani wa pili, na urefu wa sehemu ya hatari uupandishe kutoka 10% hadi karibu safari nzima, kama ilivyo kwenye mapigano ya angani au kuruka chini chini. Hesabu imevunjika. Ndiyo sababu mtu yule yule mwenye valvu ile ile anaweza kufaa kwenye ndege ya mizigo na asifae kwenye ndege ya kiti kimoja, na wala si upendeleo. Kundi la NATO la HFM-251, lililotoa mapendekezo yake ya moyo kwa wanaanga wa kijeshi mwaka 2019, limejengwa juu ya wazo hilo: ukubwa wa hatari ukipimwa dhidi ya kazi anayofanya angani.

Marekani wana utaratibu unaoeleweka vizuri. Jeshi lao la anga huwapitisha wenye valvu hizi kwenye kituo chao cha ushauri kilichopo Wright-Patterson, Ohio, na wana daraja liitwalo IIA kwa ajili ya ndege zisizozidi G 2.5: za mizigo, za kujaza mafuta angani, za mabomu. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu: hapana, neno baikaspidi peke yake halimalizi.

Ila tofautisha mwombaji na rubani aliyekwisha kufuzu. Aliyefuzu jeshi limeshamgharimia, na imebaki miaka 10 au 15 ya kumtumia. Mwombaji wa miaka 21 unampima kwa miaka 25 ijayo ya valvu ambayo kwa tabia yake huchakaa mapema. Bodi inakuwa kali kwa mwombaji, na ina haki.

---

Mama_Eko_Mwanza

Wenzangu mmesema vizuri lakini mnazungumza kama tuko Ohio. Huku kwetu, kijana wa miaka 21 mwenye mnong'ono moyoni, swali la kwanza ni homa ya baridi yabisi ya utotoni. Koo la bakteria lisilotibiwa akiwa darasa la nne, valvu imeharibika, na hakuna aliyejua. Valvu ya aota yenye mapazia matatu yaliyogandana pembeni kwa kovu inaweza kusomwa kuwa ni baikaspidi na mpimaji mwenye haraka. Nimalize kwa vipimo.

Angalieni mitrali kabla ya kufunga faili. Pazia la mbele likiwa na unene wa mm 3 au zaidi kwa aliye na miaka 20 au chini, au mm 4 na zaidi kwa wa miaka 21 hadi 40, ni la kutilia shaka. Kuvuja kwa mitrali kunahesabiwa si kwa kawaida kama mchirizi una sm 2 au zaidi, unaonekana kwenye mikato miwili, una kasi ya 3 m/s au zaidi, na unadumu pigo zima. Kwa aota ni sm 1 na masharti mengine yale yale, ila unadumu kipindi chote cha kujaa. Baikaspidi ya kuzaliwa haigusi mitrali. Ukiona zote mbili zina kovu, hiyo ni baridi yabisi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa nini inabadilisha uamuzi? Kwa sababu mitrali *inayobana* ndiyo mbaya kuliko zote angani. Chemba ya kushoto inajazwa kupitia mlango mwembamba, inahitaji muda. Mapigo yakipanda hadi 170 kwenye G au kwenye hofu, muda wa kujaa unakatika, shinikizo linarudi kwenye mapafu na maji yanaingia mapafuni. Ongeza hewa nyembamba ya juu inayobana mishipa ya mapafu. Na chemba ya juu ikivimba, mapigo yanavurugika, donge la damu linaundwa, kiharusi. Huyo simpi hata ndege ya mizigo.

Akikutwa na dalili za mapema tu, asiachwe hivi hivi. Benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2, sindano ya msuli kila wiki 4. Uganda walifanya jaribio kwa watoto na vijana 818 wenye dalili zilizofichika: baada ya miaka 2, waliochomwa sindano walioendelea vibaya walikuwa 0.8%, wasiochomwa 8.2%. Urubani anaweza kuukosa, valvu asiikose.

---

DaktariWaKambi

Shukrani sana wakuu, na wewe Mama. Eko imerudiwa na mtu mwingine, mashine nyingine. Hemoglobini 14.6. Mapazia ya kulia na kushoto yameungana, mdomo wa samaki unaonekana wazi. Kasi 2.3, wastani 12. Shingo ya mchirizi sm 0.2. Mitrali safi, pazia la mbele mm 2. Sainasi sm 3.7. Bomba linalopanda sm 3.9.

Kwa hiyo valvu imepona kesi?

---

MsomaEko

Valvu imepona, aota haijapona. Bomba linalopanda kwa kawaida ni jembamba kuliko sainasi. Hapa limeizidi, na 3.9 imeshavuka kidogo mpaka wa kawaida wa wanaume, na huyu ana 21 tu. Na ile 3.8 ya ripoti ya kwanza, bila kuandikwa ngazi, ilikuwa imelificha hili.

Eko inaona sentimita chache za mwanzo tu za bomba. Mpeleke MRI ya aota nzima, maana upanuzi wa baikaspidi hupenda kukaa juu zaidi pale eko isipofika, na MRI haina mionzi ya kurudia kila mwaka. Pia pimeni presha mikono yote miwili na mguu. Baikaspidi huandamana na aota iliyobanwa baada ya kutoa matawi ya mikono. Presha ya mguu ikiwa chini ya ya mkono, hapo kuna tatizo.

Rudieni baada ya miezi 12, mashine ile ile, mpimaji yule yule, picha mbili mkiziweka pembeni kwa pembeni. Tofauti ya mm 1 au 2 inaweza kuwa mkono wa mpimaji tu. Mm 3 kwa mwaka ni kukua kweli. Upasuaji kwa kawaida hujadiliwa kwenye sm 5.5, au 5.0 kama kuna vihatarishi, kwa hiyo yuko mbali na kisu. Lakini umbali na kisu haumpi ruhusa ya kukaza presha ya 200 mara ishirini kwa siku.

---

FundiWaG

Nakubaliana. Mimi kwenye faili ningeandika hivi: kubana kidogo, kuvuja kidogo sana, aota inayopanda imepanuka kidogo, hafai kwa ndege za G kubwa kwa sasa, uamuzi wa ndege za G ndogo zenye marubani wawili usubiri MRI na kipimo cha miezi 12. Andika sm na ngazi ya kila kipimo, usiandike "aota kawaida" wala "imepanuka kiasi". Bodi ya mwaka kesho haitakukuta wewe, itakuta karatasi.

Na asifanye mazoezi ya kunyanyua vyuma vizito akidhani anajiandaa kwa G. Kukimbia na kuogelea aendelee.

---

DaktariWaKambi

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho: antibaiotiki kabla ya kung'oa jino, anahitaji? Na akija kuwekewa valvu bandia miaka ya baadaye?

---

Mama_Eko_Mwanza

Baikaspidi peke yake haihitaji, mwongozo wa Marekani ulibadilika tangu 2007. Apige mswaki na aende kwa daktari wa meno kwa wakati, inatosha. Mwenye valvu bandia ndiye anayemeza amoksilini gramu 2 kabla, dakika 30 hadi 60.

Valvu bandia ya chuma maana yake wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha yote, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) kati ya 2 na 3 kwa ya aota. Mtu wa damu nyepesi hivyo, kurushwa na kiti cha dharura au hata kugonga kichwa kwenye kioo cha ndege inavuja ndani bila kusimama. Ya tishu haihitaji wafarini ya kudumu, ila kwa kijana inachakaa haraka. Na ndugu zake wa damu, wazazi, kaka, dada, wapigwe eko nao. Karibu mmoja kati ya kumi hukutwa nayo.